Waya Kuukuu Una Mwenyewe

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya miradi midogo)

Tuliahidi kwamba safari hii hatutazungumza juu ya kuku wala mizinga ya nyuki, mambo ambayo mmeyasikia mpaka mkachoka. Leo tunazungumza juu ya gunia.

Gunia lenyewe mnalijua. Nyumba ikikarabatiwa, fundi wa stima hung'oa nyaya za zamani, huzisokota na kuzitia guniani, na gunia linawekwa pembeni mwa ua pamoja na mbao mbovu na mabati yenye kutu. Siku ya mwisho ya kazi gunia halipo. Ukiuliza, mwenye nyumba anasema, "Ah, zile zilikuwa takataka, fundi alikwenda nazo." Ndani ya gunia hilo mlikuwa na shaba nyekundu, na fundi alijua hivyo tangu siku ya kwanza.

Magunia ya namna hii yataongezeka. Nyumba nyingi za sokoni na nyumba za walimu zilifanyiwa wayaringi miaka ya 1970 na 1980. Ganda la plastiki limekauka, ukilikunja linapasuka. Tena watu wameongeza friji, pasi na shawa ya maji moto juu ya nyaya zilizowekwa kwa ajili ya balbu nne na redio. Ni lazima zibadilishwe kabla nyumba haijaungua. Na hapa mbele yetu wamo wenye vyumba vya kupangisha, wamo wanakamati wa shule za nasari, na kuna vikundi vitatu vyenye ukumbi wao wenyewe.

Je, katika nyumba moja kuna shaba kiasi gani? Hapa tunawaomba mwandike. Waya wa taa kwa kawaida ni wa 1.5, na wa soketi ni wa 2.5. Namba hizo ni unene wa shaba iliyo ndani, kwa milimita za mraba. Mita moja ya 1.5 ina shaba gramu 13 na kidogo. Mita moja ya 2.5 ina gramu 22. Kwa hiyo roli ya mita 100 ya waya wa taa ina shaba kilo 1.3, na roli ya soketi kilo 2.2. Ule mnene wa shawa au wa jiko la stima, wa 6, una karibu gramu 54 kwa mita. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu ilimeza roli mbili za taa na roli mbili za soketi. Ukizing'oa zote utapata shaba karibu kilo 7.

Si utajiri. Mtu akiwaambia mtajenga nyumba ya pili kwa nyaya za ile ya kwanza, mwacheni aende zake. Lakini nyumba kumi za walimu zikikarabatiwa pamoja ni kilo 70, na hapo kikundi kinaweza kulipia sehemu nzuri ya nyaya mpya. Ukumbi mkubwa nao si haba.

Na bei? Mtu wa skrepu wa sokoni hapangi bei ya shaba. Bei inatoka mbali. Kila siku ya kazi, soko la madini la London, London Metal Exchange, hutoa bei ya tani moja kwa dola. Mwezi wa Mei 2024 bei hiyo ilipita dola 10,000 kwa tani, yaani zaidi ya dola 10 kwa kilo. Kutoka huko inashuka mpaka kwenye yadi ya Nairobi, kisha yadi ya mji wenu, kisha kijana wa mkokoteni, na kila mmoja anakata chake. Hatuwalaumu, usafiri una gharama. Lakini bei ya mwezi uliopita si bei ya leo. Ulizeni yadi tatu siku moja, kabla ya kubeba gunia. Ukishafika nalo mlangoni, mnunuzi anajua hutaki kulirudisha nyumbani.

Sasa tuje kwa fundi. Ugomvi mwingi tuliousuluhisha juu ya jambo hili ulianza hapo. Mafundi wengi huamini kwamba waya uliong'olewa ni wao, kama vile mchinjaji anavyochukua kichwa. Mwenye nyumba naye hakusema kitu mwanzoni, na mwishoni anamwita fundi mwizi. Jamani, hiyo si haki kwa fundi. Kama hamkupatana, amefuata desturi ya kazi yake. Dawa ni kusema kabla nyundo haijagusa ukuta: nyaya za zamani ni za nani? Mnaweza kumpa zote na apunguze malipo yake. Mnaweza kugawana. Mnaweza kuzichukua zote na kumlipa kazi yake kikamilifu. Lolote mtakaloamua, liandikwe katika karatasi ile ile ya mapatano, na fundi atie sahihi.

Na awe fundi mwenye leseni. Tunajua fundi asiye nayo ni rahisi. Azime swichi kuu na apime kwa testa kabla ya kukata. Tena kumbukeni kwamba waya unaotoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita si wenu, hata kama unapita juu ya paa lenu, na mita yenyewe si yenu. Hivyo ni vya kampuni ya stima. Asiviguse mtu.

Nyaya zikishang'olewa watu huuliza, tuzichune au tuziuze na ganda lake? Pigeni hesabu. Katika waya wa kawaida wa nyumba, karibu theluthi mbili ya uzito ni shaba na theluthi moja ni plastiki. Gunia la kilo 15 litatoa shaba karibu kilo 10. Tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi anatoa shilingi 800 kwa kilo iliyochunwa na 350 kwa isiyochunwa. Bila kuchuna mtapata 5,250, na mkichuna 8,000. Tofauti ni shilingi 2,750. Je, wangapi watachuna, na kwa siku ngapi? Ule wa 6 na wa 2.5 unachunika vizuri kwa kisu kikali kilichokazwa kwenye ubao, ukauvuta waya, mkono ukiwa mbali na makali. Waya mwembamba wa balbu za kuning'inia una shaba kidogo na kazi nyingi. Huo uzeni hivyo hivyo.

Msichome. Tunarudia, akina mama, msichome, na msiwaachie watoto wachome nyuma ya jiko. Tunajua ndiyo njia ya haraka. Plastiki ya waya ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaokata kifua, pamoja na sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa mwilini miaka mingi. Plastiki ya zamani mara nyingi ilitiwa risasi, ile madini ya risasi, na hiyo hubaki katika jivu pale ambapo kuku wanachakura na mtoto anatambaa. Kisha shaba yenyewe hutoka ikiwa nyeusi, yenye magamba, na mnunuzi huiweka daraja la chini. Kwa hiyo mnaumia kifua na bado mnapunjwa. Na ipo sababu nyingine ya kutochoma, inayohusu jina la kikundi chenu.

Shaba ikishachomwa au kuchunwa haina alama. Waya uliotoka katika chumba chako cha kulala na waya ulioibwa kwenye transfoma, vikiwa juu ya mizani, vinafanana. Mnunuzi haoni tofauti, na askari haoni. Mnajua wezi hufanya nini hapa nchini. Hukata waya wa shaba unaoshuka kutoka transfoma kwenda ardhini, au hupasua transfoma yenyewe, na kijiji kizima kinalala gizani. Mashine ya kusagia mahindi inasimama, friji ya chanjo kwenye zahanati inapoteza baridi. Simu za waya za majumbani nazo, sababu moja ya kukatika kwake sehemu nyingi miaka ya 2000 ilikuwa wizi wa nyaya za shaba.

Ndiyo maana serikali inaiangalia biashara hii kwa jicho kali. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 iliunda Baraza la Vyuma Chakavu, na hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara hiyo bila leseni. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikakosa stima, na serikali ikasema vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa. Tarehe 20 mwezi huo huo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, mpaka marufuku ilipoondolewa Mei 2022 na masharti kukazwa. Pale kilichotajwa kilikuwa vyuma vya minara, lakini hata aliyekuwa na gunia lake halali la shaba hakuwa na pa kulipeleka.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu, hatutakitaja. Walikuwa wamekusanya nyaya za nyumba tatu za wanachama na kuziweka katika stoo ya mweka hazina. Kijana mmoja, mpwa wa mwanachama, akaja na mfuko wa shaba iliyokwisha kuchunwa, nyuzi nene zilizosokotwa, na jumla ya unene wa kidole. Alisema imetoka mjengoni mjini. Aliomba iuzwe pamoja na ya kikundi, nao wachukue sehemu yao. Baadhi walitaka kukubali, maana walikuwa wamepungukiwa na pesa za mabati. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: mjengo upi, na mwenye mjengo ni nani? Kijana hakujibu. Mweka hazina naye akasema mfuko huo hauingii katika stoo yake, kwa sababu hakuna nyumba ya kawaida yenye waya mnene hivyo. Walibishana karibu saa mbili. Mwishowe kijana aliondoka na mfuko wake kwa hasira.

Mpaka leo hatujui shaba ile ilitoka wapi. Pengine alisema kweli. Tunachojua ni kwamba shangazi yake alijitoa katika kikundi, akadai akiba yake, na hajarudi. Mabati yalichelewa miezi minne. Walikuja kutuuliza kama walikosea. Tuliwaambia hapana, na bado tunasema hapana, ingawa tuliona machozi ya mwenyekiti, maana yule shangazi walikua naye pamoja.

Kwa sababu hiyo, andikeni. Daftari moja, na kwa kila nyumba andikeni tarehe, jina la mwenye nyumba na namba ya kitambulisho chake, jina la fundi, uzito siku ulipong'olewa, na nani anaweka. Mwenye nyumba atie sahihi. Mkiweza, pateni barua fupi ya naibu wa chifu kwamba nyumba hiyo inakarabatiwa kweli. Kabla ya kuchuna, kateni kipande cha shubiri moja cha waya wa kila nyumba kikiwa na ganda lake, mkifunge kikaratasi chenye jina, mkiweke pamoja na daftari. Nyaya za zamani nyingi ni nyekundu na nyeusi, na ganda mara nyingi limeandikwa kiwanda na unene. Hicho kipande kitawasemea.

Uzeni kwa mwenye leseni, mchana, watu watatu mkienda pamoja. Atataka kuandika majina yenu katika kitabu chake. Msikasirike. Anayenunua bila kuuliza jina ndiye wa kuogopa. Pesa zipokeeni kwa simu, kwenye laini ya kikundi, ili zibaki na kumbukumbu. Na angalizo moja: kuuza nyaya za nyumba zenu ni jambo moja, lakini kikundi kikianza kununua shaba kwa majirani na kuiuza tena, hapo kimekuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, na leseni itawahusu.

Jambo jingine dogo. Siku hizi kuna waya wa bei nafuu unaong'aa mwekundu kwa juu, kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukuneni kwa tupa: ukiona weupe ndani, hiyo si shaba safi, na mnunuzi hataulipia kama shaba. Fanyeni hivyo hivyo dukani siku ya kununua nyaya mpya, tena hapo ndipo hasara ni kubwa zaidi.

Mwisho, mizani. Wakaguzi wa mizani wa serikali hupiga muhuri mizani ya biashara, basi utafuteni muhuri huo. Lakini msitegemee muhuri peke yake. Bebeni pakiti mbili za unga wa mahindi za kilo 2, ambazo hazijafunguliwa. Ziwekeni juu ya mizani ya mnunuzi kabla ya shaba. Zisomeke kilo 4. Mizani inayoiba nusu kilo katika kila kilo 5 itakula kilo 7 katika zile 70, ambazo ni sawa na nyumba nzima. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika, na yule atakayekasirika amewapunguzia kazi ya kuchagua.

Tumekuja na mizani ya kuning'iniza, iko pale chini ya mwembe pamoja na vipande vya nyaya za 1.5, 2.5 na 6. Aliye na unga katika kikapu auazime kidogo tuanze kupima, halafu tutajibu maswali mpaka saa tisa.