Anayekudai ada ili akulipe

Msikilizaji, simu inaita. Sauti ni ya upole, inakuita mwalimu, inakutajia shule uliyostaafia. "Kuna mapunjo ya mafao yako, yametoka leo. Tuma kwanza ada ya kufungulia faili."

Tangu mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018 ukazaliwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, jina la mfuko huo limekuwa chambo cha matapeli kwa wastaafu. Mkulima wa pamba wa Bunda anayesubiri malipo ya msimu naye hunaswa kwa ndoano hiyohiyo. Tapeli anajua kwamba anayedai haki yake kwa muda mrefu ana kiu, na anamharakisha: "Kabla ya saa kumi, la sivyo fedha zinarudi hazina." Haraka hiyo ndiyo inayomfichua, pamoja na ada anayodai. Mwenye deni la kweli hahitaji kupokea chochote kutoka kwako ili akulipe.

Kujua jina lako si ushahidi. Majina yapo kwenye orodha nyingi, na tapeli mmoja hupiga simu nyingi kwa siku.

Kata simu. Usitaje namba ya siri, usitume hata shilingi. Nenda mwenyewe ofisi ya PSSSF, Musoma mjini, au kwa katibu wa chama chako cha msingi cha ushirika, ukaulize. Kisha tuma neno UTAPELI kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, uitaje namba iliyokupigia.

Na wewe kijana wa Butiama, mpigie bibi yako jioni hii umweleze haya.