Kujua Kazi Si Kujua Kuifundisha
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Njombe)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Wengi wenu mnanijua kama mganga, lakini kazi iliyonizeesha ni ualimu wa matabibu na wauguzi. Ni kazi isiyo na sifa. Kijana wa shule hii akisema anataka kuwa daktari, nyumbani hupigiwa vigelegele. Akisema anataka kuwa mkufunzi katika chuo cha afya, huulizwa ameshindwa wapi. Leo nimesimama kuitetea.

Wazee wenzangu mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali iliamua kuelekeza nguvu zaidi kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu wakakusanyika kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Zahanati zilijengwa, zikahitaji watu. Vyuo vilifunguliwa, vikahitaji walimu. Walimu hao wakatoka wapi? Wengi tulitolewa wodini. Mganga aliyesifika kwa kazi alikabidhiwa chaki, akaambiwa kesho aingie darasani. Hakuna aliyetuuliza kama tunajua kufundisha. Ilidhaniwa kwamba ajuaye kutibu anajua pia kumfundisha mwingine.

Nami nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilisoma daftari langu, wanafunzi wakanakili. Kwenye mtihani walinirudishia maneno yangu, nami nikawapa alama.

Mwaka 1986 nilikwenda kumkagua mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa katika mazoezi kwenye zahanati ya kijiji. Huyu ndiye aliyeongoza darasa katika somo la kutokwa damu baada ya kujifungua. Usiku ule mama mmoja alijifungua, mtoto akalia vizuri, kisha damu ikaanza kumtoka mama kwa wingi. Nilimwuliza kijana wangu, "Tufanye nini?" Akanitajia sababu za damu kutoka, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule nilioandika ubaoni. Mikono yake haikusogea. Nikiwa bado natafuta glavu, muuguzi msaidizi, mama aliyeishia darasa la saba, alimsogeza kando. Akaukanda mfuko wa uzazi kwa kiganja mpaka ukawa mgumu, akaagiza sindano ya egometrini, akamsaidia mama kukojoa, akamweka mtoto kwenye titi. Damu ikapungua, hatimaye ikakoma.

Mama yule alipona, lakini si kwa mafundisho yangu. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza ni vijana wangapi niliokwisha kuwapa vyeti, nao wako peke yao usiku huu katika zahanati isiyo na mama kama yule.

Mwaka uliofuata niliomba kwenda Arusha, kwenye Kituo cha Maendeleo ya Elimu ya Afya, ambacho wengi hukiita CEDHA. Ni kituo cha Wizara ya Afya, na kazi yake ni kuwafundisha walimu wa vyuo vya afya. Nilipandia basi Makambako, nikapita Iringa, Morogoro na Moshi, nikifikiri naenda kuongezewa utaalamu wa magonjwa. Sivyo. Siku za kwanza niliambiwa nifundishe mbele ya wakufunzi wenzangu, nao wakashika saa. Katika dakika 40, mimi peke yangu nilisema dakika 37. Wenzangu walicheka, nami nikacheka kwa aibu.

Pale nilijifunza jambo moja lililobadili kazi yangu: somo halianzii kitabuni, linaanzia kazini. Uliza kwanza mfanyakazi huyu atafanya nini huko zahanati. Andika kila tendo kwa mfuatano. Mwonyeshe, kisha afanye yeye ukimtazama, umsahihishe, arudie. Mtihani nao umpime kwa matendo hayo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha toa mwaka 1980 kitabu cha F. R. Abbatt kwa ajili ya walimu wa namna yetu, na fikira zake ni hizo hizo. Niliporudi chuoni, hakuna mwanafunzi aliyepasi somo la uzazi kwangu kabla sijaiona mikono yake ikifanya kazi.

Ndugu zangu, mtasema hayo ni ya zamani, na sasa kuna intaneti. Ni kweli, kijana anaweza kuona upasuaji wa Ulaya kwenye simu yake. Lakini simu haiwezi kumwambia kwamba kiganja chake kimekaa mahali pabaya. Tazameni pia mzigo wetu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, mkoa wetu wa Njombe ulikuwa na kiwango cha juu kuliko yote Tanzania Bara cha watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7. Dawa zipo. Lakini kumketisha dereva wa lori pale Makambako, njia panda ya Mbeya na Songea, akakusikiliza na kukubali kuzimeza kila siku, ni ufundi. Haunakiliwi kutoka ubaoni; hufundishwa na mwalimu anayejua kufundisha.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, mfuko wetu wa karo usiwasaidie wanafunzi wa hapa peke yao. Tumchague muuguzi au tabibu mmoja aliye kazini, wa Njombe au Makambako, tumsaidie kwenda kusomea ualimu wa afya. Mmoja huyo atafundisha mamia. La pili, ninyi mliostaafu kutoka hospitalini, msikae tu mnaota jua. Nendeni kwenye chuo kilicho karibu, kama Ilembula, mwombe nafasi ya kusimama na wanafunzi kando ya kitanda japo siku moja kwa mwezi.

Na kijana wa hapa akija kuwaambia anataka kuwa mkufunzi, msimwulize ameshindwa wapi.