Maumivu ya Chembe cha Moyo

Watu wengi wanafika hapa, wanaweka mkono chini ya kifua, pale chembe cha moyo, na kusema: "Munganga, niko na amibe." Nani aliziona? Amibe zinasumbua zaidi matumbo ya chini. Mtu anaharisha, tena na kamasi na damu. Lakini maumivu ya kuchoma pale juu, yanayotulia na kurudi wiki nyingi, pamoja na kichefuchefu na kucheua, na kushiba upesi hata kwa bugali kidogo, mara nyingi yanatoka kwa mfuko wa chakula. Ngozi yake ya ndani imevimba. Ugonjwa huo ni gastriti. Wengine wako nayo miaka mingi bila kusikia kitu.

Zamani walisema ni juu ya pilipili na mawazo mengi. Mwaka 1984 munganga mmoja wa Australia, Barry Marshall, alikunywa vijidudu kwa kusudi, na kabla ya wiki mbili kupita mfuko wake ukawa umevimba. Kijidudu hicho, Helikobakteri pilori, wengi wanakipata tangu utoto. Kinatibiwa kwa dawa mbalimbali pamoja, siku 10 ao 14. Mwenye kuacha siku ya tatu kwa kuwa amepata nafuu, kijidudu kinabaki.

Adui mwingine tunamununua wenyewe. Mama anatoka shambani, mgongo unamuuma, anameza ibuprofeni ao diklofenaki ya sokoni kila jioni. Vidonge hivyo, na aspirini pia, vinakula ngozi ya mfuko. Halafu tumbo likiuma, anameza tena vilevile! Lotoko nayo inachoma.

Ukitapika damu, ao kitu sawa machicha ya kahawa, ao choo kikiwa cheusi, cha kunata sawa lami na harufu mbaya, usingoje asubuhi. Damu inatoka ndani. Kukonda bila sababu pia si jambo la kungojea. (Mama mjamzito anayemeza vidonge vya damu, choo chake kinaweza kuwa cheusi bila hatari, hata hivyo atuambie.)

Mkija, leteni karatasi na vidonge vyote mlivyomeza, hata vya sokoni, hata mizizi ya nyumbani. Hatutagombeza mtu.