Kuhesabu Moto na Kuhesabu Watu

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, katika mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo ambalo mwanzoni mtaliona liko mbali nasi. Nataka kuwaeleza jinsi nchi ya Marekani inavyofuata habari za mioto ya misituni siku kwa siku, na jinsi inavyojua watu na vyombo vya kuizima viko wapi. Nimelichagua kwa sababu kazi ile ni ndugu ya kazi yetu ya reli. Tena ndani yake mna somo kwa kila mtu anayefanya kazi ya hatari kwa amri ya mtu aliye mbali.

Ninyi nyote mnajua kazi ya mtu anayeongoza mwendo wa treni. Yeye haoni treni hata moja kwa macho yake. Anakaa chumbani, na kwa simu na redio anajua treni fulani imetoka stesheni fulani saa ngapi, injini ipi imeharibika, na mabehewa matupu yako wapi. Akikosa habari moja tu, treni mbili zaweza kukutana mahali pasipofaa. Basi Wamarekani wanacho chumba cha namna hiyo kwa ajili ya moto.

Ili tuone kwa nini chumba hicho kinahitajiwa, turudi nyuma hadi mwaka 1910. Tarehe 20 na 21 Agosti mwaka ule upepo mkali uliunganisha mioto mingi midogo katika milima ya Idaho na Montana. Kwa siku mbili ziliteketea karibu ekari milioni 3. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wao walikuwa wazima moto, vibarua waliokusanywa haraka, miongoni mwao wageni wasioijua milima ile. Wakati huo hapakuwa na redio msituni. Mkubwa wa kazi hakuweza kujua kila gengi liko bonde lipi, wala gengi halikuweza kujua kwamba upepo umegeuka mpaka moto umefika.

Watu wa reli wana sehemu yao katika habari hii. Treni ziliwatoa watu katika mji wa Wallace, na katika njia ya reli ya Milwaukee madereva waliingiza treni zenye watu ndani ya mahandaki ya reli, wakangoja humo mpaka moto ukapita. Lakini tuseme kweli yote: cheche za injini za moshi nazo zilikuwa miongoni mwa sababu za mioto ya mwaka ule.

Nyapara mmoja, Edward Pulaski, aliwaongoza watu wake kama 45 mpaka ndani ya shimo la mgodi, akawazuia humo kwa nguvu wasitoke. Karibu wote walipona. Yeye mwenyewe aliumia macho na mapafu. Chombo chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, ambacho wazima moto wa Marekani wanakitumia mpaka leo, kinaitwa Pulaski kwa jina lake. Watu wale hawakuokolewa na ofisi. Waliokolewa na mtu mmoja aliyeijua nchi. Lakini hatuwezi kuweka tumaini letu katika bahati ya kumpata mtu wa namna hiyo kila mahali.

Mwaka 1965 ilianzishwa huko Boise, katika Idaho, ofisi moja ya kuunganisha kazi ya moto. Ilianza kwa idara ya misitu, idara ya ardhi ya serikali, na watu wa hali ya hewa. Baadaye idara nyingine zikaingia. Fikra yake ni nyepesi. Moto hauulizi mpaka wa shamba wala wa idara, kwa hiyo vyombo vya idara hii visilale bandani wakati idara ya jirani inaungua. Wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wale wamegeuza maneno: idara na idara ndipo moto uzimikapo.

Mpango wao ni wa ngazi tatu. Anayesimamia moto akitaka magengi mawili na magari matatu ya maji, anapeleka ombi kwa ofisi yake ya karibu. Ofisi ile ikiwa haina, ombi linapanda kwa ofisi ya eneo. Maeneo hayo ni 10 katika nchi nzima. Eneo nalo likishindwa, ombi linafika Boise, na Boise wanatazama nchi nzima: gengi lipi liko huru, ndege ipi haina kazi, helikopta ipi inaweza kuhamishwa.

Katika majira ya moto hutolewa taarifa kila siku, na kila mtu anaweza kuisoma. Humo wanaandika mioto mipya, mioto mikubwa ambayo bado haijazungukwa, ekari zilizoungua, na kwa kila moto mkubwa: watu wangapi, magengi mangapi, magari mangapi, helikopta ngapi. Moto huitwa mkubwa ukifika ekari 100 penye miti, au ekari 300 penye majani. Hesabu yenyewe ni nzito. Mwaka 2020 peke yake ziliungua ekari zaidi ya milioni 10.

Tena wana daraja za hatari, tangu 1 hadi 5. Daraja ya 1 maana yake kazi ni ndogo na watu wapo. Daraja ya 5 maana yake karibu vyombo vyote vya nchi vimekwisha kupewa kazi. Mwaka 2021 walifika daraja ya 5 tarehe 14 Julai, mapema sana, na majira ya moto yalikuwa bado marefu mbele yao. Hapo wanaweza kuomba askari wa jeshi, na wazima moto kutoka Kanada, Meksiko, Australia na New Zealand.

Lakini kuna jambo moja lililonipendeza kuliko yote. Ombi likifika na hakuna cha kupeleka, hawalitupi. Wanaliandika kwamba halikuweza kutimizwa, na mwisho wa mwaka maombi hayo yanahesabiwa na kutangazwa. Ndugu zangu, fikirini maana yake. Mahali pengi pa kazi mtu akiomba kofia ya chuma au mtu wa kumsaidia, anaambiwa hakuna, na neno lile "hakuna" linapotea hewani. Mwaka ukiisha, tajiri anasema hapakuwa na upungufu, kwa kuwa haukuandikwa. Mficha maradhi kifo humwumbua. Upungufu ulioandikwa hauwezi kukanwa.

Na macho yao ya kuonea moto ni ya namna nyingi. Zamani palikuwa na mtu juu ya mnara, na minara mingine ina watu mpaka leo. Siku hizi ziko setilaiti zinazosikia joto la ardhi. Terra ilirushwa mwaka 1999, Aqua mwaka 2002, na Suomi NPP mwaka 2011. Chombo kilicho katika hiyo ya tatu huigawa ardhi katika vipande vya mita 375, na kuonyesha kipande chenye joto lisilo la kawaida. Lakini setilaiti hizo hupita mara chache kwa siku, na mawingu mazito huziziba. Kwa hiyo usiku hurushwa ndege zenye vyombo vya kuona joto, zikachora ukingo wa moto, ili asubuhi ramani iwe mezani.

Sasa, wenzangu, nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Je, habari zote hizo zinamfikia nani?

Mwaka 1957 idara ya misitu ya Marekani ilikubali Amri 10 za kuzima moto. Amri mojawapo inamtaka mzima moto ajue hali ya hewa na utabiri wake. Nyingine inamtaka ajue wakati wote moto wake unafanya nini. Ni amri nzuri. Lakini tarehe 6 Julai 1994, katika mlima wa Storm King huko Colorado, wazima moto walikuwa wakikata njia katikati ya vichaka. Watu wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kutoa onyo kwamba upepo mkali unakuja siku ile. Onyo lilikuwako ofisini. Halikuwafikia watu waliokuwa mlimani. Upepo ulikuja kama ulivyotabiriwa, moto ukapanda mlima mbio kuliko mtu, na wazima moto 14 wakafa.

Amri inasema mtu ajue. Lakini atajuaje, ikiwa mwenye habari hamwambii?

Tena tarehe 30 Juni 2013, huko Yarnell katika Arizona, gengi la Granite Mountain lilipoteza watu 19 kwa saa moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwa muda wa karibu nusu saa kabla ya mwisho wao hapakuwa na mazungumzo ya kutosha nao katika redio, na waliokuwa nje hawakujua hasa wako mahali gani. Moto ulikuwa katika ramani. Watu hawakuwa katika ramani.

Ilichukua miaka karibu sita. Mwezi wa Machi 2019 ikatiwa sahihi sheria iliyoamuru, pamoja na mambo mengine, kwamba uwekwe mpango wa kufuata mahali walipo wazima moto wa serikali kuu. Lori la mizigo lilikuwa likifuatwa kwa setilaiti miaka mingi kabla ya hapo. Mtu mwenye jembe mkononi alingoja.

Hali ni hiyo hiyo katika mshahara na cheo. Kwa miaka mingi wengi wa wazima moto wa serikali kuu waliandikwa kuwa mafundi wa misitu. Katika ubao wa Boise walihesabiwa kama wazima moto. Katika kitabu cha mshahara jina hilo halikuwako. Wafanya kazi wenyewe na chama chao walisema sana. Mwaka 2021 iliamuliwa mshahara wao usiwe chini ya dola 15 kwa saa. Sheria ya Novemba mwaka huo huo ikawaongezea fedha kwa muda, ikaamuru pia waandikiwe cheo chao cha haki. Nyongeza ya kudumu ilipatikana Machi 2025. Tena mwaka 2022 walirahisishiwa kudai fidia ya magonjwa ya mapafu na saratani yatokanayo na kazi, bila kutakiwa kuthibitisha moshi upi wa siku ipi ndio uliowadhuru.

Iko pia kanuni ya mapumziko. Kwa kila saa mbili za kazi au safari, saa moja ya kupumzika. Na baada ya siku 14 kazini, lazima mtu apewe siku za kupumzika kabla ya kupelekwa tena. Hii ndiyo faida ya hesabu ikiwa ni ya haki: ubao uleule unaosema gengi liko wapi unaweza kusema pia kwamba gengi hili limechoka, msilipeleke.

Na Kenya je? Setilaiti nilizotaja hazipiti juu ya Marekani tu. Zinapita juu yetu pia, na habari zake hutolewa bure. Milima yetu nayo inaungua. Mlima Kenya uliungua Machi 2012, na Aberdare Februari 2022. Wanaopanda kuuzima ni askari wa misitu na wa wanyama, wanajeshi, na wanakijiji wanaojitolea, wengine wakiwa na matawi ya miti na panga tu. Mwanakijiji yule, jina lake limeandikwa wapi? Akivunjika mguu gizani, nani anajua kwamba hajarudi? Moto wake umeonekana tangu angani. Yeye je?

Ndugu zangu, sikuja kuwasifia Wamarekani. Mmeona wenyewe kwamba chombo chema kilikuwako, na watu wakafa kwa kukosa neno moja. Habari iliyopanda mpaka ofisini bila kushuka kwa mfanya kazi ni nusu ya habari.

Kwa hiyo naomba tuchukue maswali matatu, na kila mjumbe ayapeleke mahali pake pa kazi, iwe njiani, karakana, bandarini au shambani.

La kwanza: Zamu inapoanza, majina ya watu wote walio kazini yameandikwa, pamoja na vibarua, na yuko mtu anayehakikisha kwamba wote wamerudi?

La pili: Tunapoomba chombo au mtu na kunyimwa, ombi linaandikwa na tarehe yake? Kama wakubwa hawaandiki, tuandike sisi, katika daftari la tawi.

La tatu: Onyo la hatari likifika ofisini, kama njia imekatwa na mvua, au daraja limelegea, au waya wa umeme umeanguka, linamfikia mtu wa mwisho kwa dakika ngapi? Na nani amepewa kazi ya kumwambia?

Maswali haya hayahitaji setilaiti. Yanahitaji daftari, kalamu, na wanachama wasioogopa kuuliza. Naomba majibu yaletwe katika mkutano ujao, tawi liyasome mbele ya wote, na yale yasiyojibika tuyapeleke kwa tajiri kwa barua.