Mrija Utolewapo: Yawapasayo Wazazi wa Mtoto Njiti Kuuliza



Mtoto njiti atolewapo mrija wa mashine ya kupumulia, furaha yenu ni ya haki. Hata hivyo, mapafu yake huenda yangali machanga. Vifuko vya hewa hunywea kila atoapo pumzi, misuli ya kifua huchoka upesi, na ubongo mara nyingine husita kuamrisha pumzi. Kwa hiyo haifai aachwe ghafla bila msaada.

Msaada uliozoeleka huitwa CPAP, yaani hewa isukumwayo puani mfululizo kwa shinikizo dogo ili vifuko visinywee. Daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco, Marekani, waliitangaza njia hii mwaka 1971. Ipo nyingine iongezayo misukumo ya hewa kwa vipindi; tafiti zimeonyesha kuwa hupunguza haja ya kurudisha mrija kuliko CPAP pekee. Aidha, Shirika la Afya Duniani hupendekeza kafeini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 34 wanapotolewa mrija, kwa kuwa dawa hiyo huchochea upumuaji.

Nanyi, mkiwa watumiaji wa huduma, mna haki ya kuelezwa kwa lugha mnayoielewa. Ulizeni mapema: Baada ya mrija, mtoto wetu atapewa msaada gani? Kifaa hicho kipo tayari? Nani atamwangalia usiku? Gharama yake ni kiasi gani? Tunaweza kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na kifaa? Ulizeni pia ngozi ya pua hukaguliwa mara ngapi, kwani kifaa huweza kuichubua, na hewa huweza kulijaza tumbo.

Mkiona pumzi inakatika, mbavu zinabonyea ndani, au midomo inageuka rangi ya samawati, mwiteni muuguzi papo hapo. Msikilegeze wala kukiondoa kifaa wenyewe.

Baadhi ya watoto hulazimika kurudishiwa mrija. Likitokea hilo, msijilaumu, wala msione haya kuuliza sababu na hatua itakayofuata. Mtoto hawezi kujisemea. Sauti yake ni yenu.