Itunze Trekta Yako Kabla ya Kuiwasha

(Hotuba iliyosomwa Nyeri mbele ya wanachama wapya wa tawi, madreva wa trekta na wasaidizi wao)



Nimetakiwa kusema nanyi juu ya utunzaji wa trekta, hasa ninyi mlioanza kazi hii karibuni, mliotoka Mweiga, Kiganjo na Naro Moru, na ninyi wa mashamba ya ngano ya Timau. Wako wanaodhani kuwa kuangalia mashine ni kazi ya fundi peke yake. Sivyo. Fundi huja siku trekta imekwisha kufa. Dreva yuko nayo kila siku.

Tena injini ikiungua kwa kukosa oili, wa kwanza kuulizwa ni dreva. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kiasi cha wastani ikiwa mali imeharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Lishikeni neno hilo, makusudi. Dreva awe na ushahidi kwamba hakupuuza kazi yake.

Basi fanyeni hivi.

Kwanza, usalama. Simamisha trekta mahali tambarare, teremsha jembe mpaka chini, funga breki, zima injini, toa ufunguo. Usiingie kamwe chini ya jembe lililoinuliwa. Ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika koti lako, hupati nafasi hata ya kupiga kelele. Kinga yake ikivunjika, usiiendeshe.

Pili, oili. Asubuhi injini ikiwa baridi, chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kuzidi nako ni vibaya. Ukiiona nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Usiwashe, mwite fundi.

Tatu, maji ya rejeta. Yatazame injini ikiwa baridi. Ukifungua kifuniko kungali na moto, mvuke utakuunguza uso. Ondoa na makapi yaliyoziba mbele.

Nne, kisafisha hewa. Vumbi la Kieni na Timau wakati wa kiangazi hula injini kama msasa. Trekta za zamani, kama Massey Ferguson 35 na 135, zina bakuli la oili ambamo vumbi hutuama. Tope likiongezeka, limwage, osha bakuli, tia oili safi mpaka kwenye alama, usipite. Lakini filta ya karatasi usiioshe kwa dizeli, utaiharibu.

Tano, dizeli. Jaza tangi jioni, usingoje asubuhi. Usiku wa baridi chini ya Mlima Kenya, tangi lililo nusu tupu hufanya umande ndani, na maji hayo hushuka mpaka kwenye pampu. Kibakuli cha filta kikionyesha maji, yamwage.

Sita, grisi. Fuata kitabu cha trekta. Sehemu nyingi hutaka grisi kila baada ya saa 10 za kazi. Pangusa kwanza mahali pa kutilia, usije ukasukuma mchanga ndani. Halafu tazama magurudumu na kaza nati.

Haya yote si kazi ya saa nyingi. Lakini ni kazi, si hisani, na dakika zake zihesabiwe katika saa za kazi. Hilo tutalisema mbele ya mwajiri.

Mwisho, nunua daftari. Kila siku andika tarehe, saa za mita, oili uliyotia na hitilafu uliyoona. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari. Mwarifu, kisha andika ulimwambia nani na saa ngapi. Siku ya maneno, daftari hilo litasema kwa niaba yako, na chama kitakuwa na kitu mkononi cha kukutetea.

Mwenye swali na aulize sasa. Kisha twende nje kwenye trekta, kila mmoja akachomoe kijiti kwa mkono wake.