Mpango wa Zahanati Unaanza na Wewe

Leo tunazungumzia mipango ya afya na nafasi yako ndani yake.

Mwaka 2007 Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM. Lengo lilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati, na kila kata kituo cha afya. Majengo yameongezeka, lakini jengo peke yake halitibu. Mama akifika usiku ameshikwa na uchungu, anahitaji mkunga, maji, taa na glavu.

Hayo yote yanahitaji fedha na mpango. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kila kituo cha huduma, zahanati ikiwemo. Kituo huandaa mpango wake wa mwaka, na kamati yenye wawakilishi wa wananchi huusimamia.

Mkazi wa kijijini, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, uulize mapato na matumizi ya zahanati. Nawe wa mjini, unayepanga foleni tangu alfajiri, mtafute mwakilishi wako kwenye kamati, umweleze kinachokwamisha huduma. Usingoje kuugua ndipo uulize.